Asilimia Mia na Hamsini

Wifi yangu alinikuta nimebana pini tatu mdomoni, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyomwokoa. Ningekuwa na mdomo mtupu ningemtukana kabla hajavuka kizingiti. Kwa miaka minne hakuwa amekanyaga pale, yeye wala mumewe, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba wa kwanza kuja nitamtoa mbio.

Mafundi wenzangu wananiita Mkasi. Tuko saba kwenye chumba kimoja, vyerehani saba, pasi moja ya kugombania, na kila mtu anajua kwamba siku nikiamka vibaya hata redio inapunguzwa sauti. Basi wote wakapunguza mwendo wa pedeli ili wasikie. Wifi hakukaa. Alisimama mbele ya cherehani yangu, mkoba kaukumbatia kifuani, akasema, "Wifi, natoka ofisi ya watunzi. Wameniambia wewe ndiye uliyefunga pesa."

Nikatema pini kiganjani. "Pesa gani?"

"Za Punje. Ziko pale miaka minne hazitoki. Na mdogo wako ana uvimbe kooni, hata kuongea hawezi. Hospitali wanataka tulipe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo nafasi yake ya kupasuliwa anapewa mwingine."

Nilikuwa nalitafuta neno la kumuumiza, kwa mazoea tu, na kila nililolishika lilikuwa linanirudia mwenyewe.

Punje alikuwa binti yangu. Alizaliwa kadogo, mkunga akasema haka si katoto, haka ni punje, na jina likamganda. Alikaa nami mwaka mmoja na miezi minane, na nusu ya muda huo alikuwa anaumwa. Nilikuwa namfunga mgongoni huku nashona, na kwa kuwa hakuwa akilala bila kuimbiwa, nikawa namtungia maneno kwa kufuata mwendo wa pedeli. Punje yangu, lala kwanza, kesho bado iko mbali. Yalikuwa mengi, kila wiki naongeza. Alipofariki nikanyamaza. Lakini mdogo wangu, ambaye watu wanamwita Nyuzi kwa sababu ya gitaa lake, alikuwa ameushika wimbo wote, neno kwa neno, kwa kukaa tu pale mlangoni akinisubiri nimalize kazi. Mwaka wa pili wa msiba akaniomba aende kuurekodi. Nikamwambia nenda, ila jina lake usilibadilishe.

Aliuimba vizuri, siwezi kumnyima hilo. Watu wakadhani Punje ni mpenzi wa mtu. Ukawa wimbo wa harusi. Bibi harusi anaingia ukumbini taratibu na wimbo wa mtoto wangu mgonjwa, na mara nyingine hilo gauni alilovaa nimelishona mimi. Sikuona vibaya. Nilifurahi kusikia anaitwa.

Kilichoniharibu ni kingine. Mteja mmoja alikaa kusubiri nimkunjie pindo, akawa anausikiliza kwenye simu. Nikamwomba nitazame. Nikaona picha ya mdogo wangu na gitaa lake, na chini yake jina lake, peke yake. Mimi simo. Leo najua kwamba pale kwenye kioo cha simu huwa wanaandika mwimbaji, na mtunzi huandikwa kwingine ambako msikilizaji hafiki. Mwanamuziki yeyote angenieleza hilo kwa dakika moja. Lakini mimi nikikasirika siulizi. Nilimpigia simu mdogo wangu nikamwita mwizi wa makaburini. Akasema, "Dada, subiri, mimi nimeku—" nikamkatia. Alipiga mara tano. Nikaizima.

Kesho yake nikaenda ofisi ya watunzi. Hao ndio wanaokusanya mirabaha ya nakala, na siku ile karani alinieleza kwa utaratibu kabisa. Kila wimbo unapotolewa nakala, iwe umechomwa kwenye diski au umefunguliwa kwenye simu ya mtu, kuna kisenti cha yule aliyetunga maneno na mahadhi. Si cha mwimbaji, na wala si cha studio, hao wana vyao. Cha mtunzi hakimfuati nyumbani. Lazima aende mwenyewe ajiandikishe, aseme wimbo huu nimetunga mimi, asilimia kadhaa. Fomu ilipofika penye asilimia, karani akauliza, "Mlitunga wangapi?"

"Peke yangu," nikasema, nikaandika mia.

Nusu ilikuwa kweli. Maneno yangu, mahadhi yangu, mtoto wangu. Lakini Nyuzi alitia lile gitaa la mwanzo ambalo watu hulipiga hata kwa mdomo wakiwa wanaosha vyombo, na kule studio mtu akitia kitu kama kile naye anahesabiwa mtunzi. Nililijua hilo wakati naandika. Niliandika mia makusudi, ili siku akienda kudai akute patupu.

Sasa wifi yupo mbele yangu na mkoba wake. Nikamuuliza jambo moja tu.

"Yeye alijiandika ngapi?"

"Hamsini. Na hamsini nyingine akakuandika wewe, tangu mwezi ule ule wimbo ulipotoka. Wamenionyesha kwenye kompyuta."

Fundi wa pembeni yangu, mwanamke anayependa habari za watu kuliko chakula, aliacha kabisa kushona. Nilimwambia ashone. Kisha nikafunika cherehani, nikavaa viatu, nikamwambia wifi twende.

Karani alikuwa yule yule, kaongeza miwani na kitambi. Alitukalisha kwenye benchi lenye mguu mfupi, akageuza kioo cha kompyuta tuone wote wawili.

"Wimbo ni mkate mmoja, mama," akaniambia. "Kaka huyu kaleta karatasi inasema nusu yake, nusu yako. Wewe ukaja ukasema mzima ni wako. Ukijumlisha ni mkate na nusu, na mkate na nusu haupo. Asilimia zikizidi mia, mashine inafunga wimbo wote. Hatumpi huyu wala huyu."

"Na mkakaa kimya miaka minne?"

"Tuliandika barua pepe saba." Akatusomea anwani. Wifi akashika kichwa. Ilikuwa anwani aliyofunguliwa Nyuzi na fundi wa studio siku ya kurekodi, na neno la siri alilisahau kabla hata hajafika nyumbani. Ya kwangu mimi kwenye fomu niliacha wazi, maana sina barua pepe, nina cherehani.

Nikamuuliza kuna kiasi gani. Akaandika kwenye kikaratasi, akatusogezea. Zilitosha operesheni na dawa, na ada za watoto watatu kwa mwaka mzima. Wifi alikikunja kile kikaratasi mara nyingi, kikawa kidogo kama kidonge.

"Basi andika hamsini kwa hamsini," nikasema. "Nimekubali. Nipe kalamu."

"Si rahisi hivyo, mama. Kupunguza madai ni mgawanyo mpya, na mgawanyo mpya unapitishwa na kamati. Kamati inakaa kila baada ya miezi mitatu. Imekaa wiki mbili zilizopita."

"Huyu mtu anapasuliwa wiki ijayo."

"Nimeelewa." Alivua miwani akaisugua kwa shati. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera, kwa sababu nilikuwa natafuta wa kumrukia. "Lipo jambo ambalo naweza kulimaliza hapa mezani bila kamati. Mmoja akijitoa kabisa. Siyo kupunguza, kujitoa. Anaapa kwamba yeye si mtunzi, jina linafutwa pote, mgogoro unakuwa haupo. Pesa inatoka ndani ya siku tano."

"Na anayebaki?"

"Anachukua mia."

Wifi akasema, "Basi ajitoe Nyuzi. Wewe utampa, wifi. Nakuamini." Alisema vile kwa mtu aliyemwita mumewe mwizi. Hata leo nikikumbuka nasikia aibu.

Karani akatikisa kichwa. Mwenye kujitoa lazima afike mwenyewe, aape kwa mdomo wake mbele ya wakili, na Nyuzi alikuwa kitandani na mrija shingoni. Wote wawili wakanigeukia.

Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Mimi niliyetajwa hapa chini natamka kwamba si mtunzi wa maneno wala mahadhi ya wimbo uitwao Punje, na sikuwahi kuwa. Sitaudai tena, mimi wala warithi wangu. Nikasoma hapo penye warithi mara mbili. Mrithi wangu ndiye huyo mliyemwandika hapo juu, nikataka kumwambia karani, lakini yeye hakuwa na habari. Kwake Punje ni kichwa cha wimbo.

Niseme ukweli, nilisita. Mtu na mdogo wake anakufa, na bado nilisita. Sina picha ya yule mtoto. Nguo zake nilizigawa. Nilichokuwa nacho ni ule wimbo, na kwamba wimbo nilitunga mimi, na mahali fulani duniani kuna karatasi inayosema hivyo. Niliinuka nikamwambia wifi naenda chooni. Nikasimama mbele ya sinki lisilo na maji mpaka mtu akagonga mlango. Nikarudi. Wakili alikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya duka la vioo. Nikanyoosha mkono wa kulia, nikaapa, akagonga muhuri. Tulimaliza kwa dakika kumi, na wifi ndiye aliyelipia.

Hospitali nilikwenda siku moja kabla ya operesheni. Nilipomwona Nyuzi nilijikaza kisabuni. Mtu aliyekuwa akijaza mlango, amebaki masikio na magoti. Aliponiona akatoa daftari la shule chini ya mto, akaandika, akanigeuzia.

*Dada, nilikuandika nusu.*

"Najua," nikasema. "Mimi ni mpumbavu. Nisamehe."

Akaandika: *Mpumbavu sana.* Mabega yakamtikisika. Nikajua anacheka, maana ndivyo alivyokuwa akicheka tangu mdogo, bila sauti, ili mama asitukute macho. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mwandiko wake ulikuwa ule ule mbovu uliomfanya achapwe viboko shuleni.

*Umesaini nini kule?*

"Tumegawana."

*Nusu kwa nusu?*

"Nusu kwa nusu."

Akanikazia macho. Mimi naijua kazi ya kudanganya wateja, naijua ile sura ya gauni lako limebaki vifungo tu wakati kitambaa hata hakijakatwa. Nikaivaa. Akaamini, au alikuwa amechoka. Akaandika tena: *Punje angekuwa na miaka kumi sasa.* Nikamwambia kumi na mmoja. Akapiga mstari kwenye kumi, akarekebisha.

Walimpasua Ijumaa. Jioni daktari akatuita kwenye kijichumba cha mafaili, wifi na mimi. Alisema wametoa walichoweza kutoa, lakini ugonjwa umeshashuka kifuani. Akauliza sauti ilianza kukwaruza lini. Wifi akasema mwaka juzi, ila hawakuwa na pesa za vipimo, wakawa wanampa maji ya moto na limau. Daktari akasema mngekuja mwaka juzi. Hakulisema kwa ubaya. Mwaka juzi pesa zilikuwepo, nyingi tu, zimekaa kwenye mashine ya ofisi ya watunzi, na mimi niliyezifunga nilikuwa nimesimama pale nimemshikia wifi yangu mkoba. Sikulia. Nilitamani mtu anipige, na hakuna aliyenipiga.

Aliishi miezi minne. Nilikuwa naenda kila jioni nikifunga kazi, namnyoa ndevu, namsomea magazeti na kumtukania viongozi kwa niaba yake. Daftari zilijaa tatu. Kwenye maziko msemaji wa familia, mume wa shangazi yetu, alisimama akasema marehemu ameacha mke, watoto watatu na wimbo mmoja ambao nchi nzima inaujua. Watu wakaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nagawa viti.

Wifi aligundua mwenyewe. Alikwenda ofisini kuhamisha pesa ziwe kwa jina la watoto, akaonyeshwa kompyuta, akaona mia moja kwa marehemu na mimi sipo. Ile fomu hakuisoma, alikuwa amedhani kujitoa ni kwa muda, mpaka pesa zitoke. Alikuja moja kwa moja pale kwenye vyerehani, na safari hii alikaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Kesho tunakwenda wote. Jina lako linarudi. Siwezi kulisha wanangu wimbo wa mwanao kama vile nimeuokota."

Nikamwambia aache. Akakataa. Ni mwanamke mpole, lakini akikaza amekaza. Basi kesho yake tukawa kwenye benchi lile lile lenye mguu mfupi. Karani alitoa pole ya msiba, akamsikiliza wifi mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akafungua faili, akatoa tamko langu lenye muhuri, akaliweka katikati.

"Mama huyu aliapa," akasema. "Akidai tena leo, wimbo unafungwa leo leo. Na kwa kuwa mwenzake ni marehemu, kamati haitamaliza kabla ya mwaka, pengine miwili. Halafu watauliza, aliapa uongo au anadai uongo? Hilo litatoka mikononi mwangu, litakwenda polisi."

"Na pesa za watoto?" wifi akauliza.

"Zitasubiri."

Nilimwona akihesabu kichwani. Mkubwa alikuwa anaingia sekondari mwezi unaofuata, na duka la dawa bado lilikuwa linamdai. Akafungua mdomo aseme na zisubiri tu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, mpaka akanyamaza.

"Hatudai kitu," nikamwambia karani. "Endelea na urithi."

Aliandika kidogo, kisha akasita, akavuta droo. "Kuna jambo moja. Kwa kuwa wimbo huu uliwahi kugombaniwa, warithi hawalipwi mpaka ndugu mmoja athibitishe kwamba marehemu aliutunga peke yake. Na hapa," hakunitazama, "anayekubalika zaidi ni yule aliyejitoa."

Wifi akasema, "Hapana." Nikanyoosha mkono nikaichukua karatasi.

Ilikuwa na maswali machache. Jina la shahidi. Uhusiano na marehemu: dada. Hapo sikusumbuka. Swali la nne liliuliza nani alitia mahadhi, nikaandika marehemu. La tano, nani alitunga maneno, nikaandika marehemu. La mwisho lilikuwa na mistari minne mitupu. *Eleza kwa ufupi wimbo ulitungwa kwa ajili ya nani, na maana ya kichwa chake.*

Feni ilikuwa inazunguka juu yetu, na nyuma yangu mtu wa foleni akakohoa mara mbili. Karani akasema naweza kuandika chochote ninachokijua. Nikaandika: *Marehemu aliutunga kwa ajili ya mke wake. Punje ni jina la mapenzi alilokuwa akimwita nyumbani.* Nikatia saini, nikaandika tarehe.

Karani akasoma kimya, akainua macho kwa wifi. Utaratibu unamtaka aulize.

"Ni kweli, mama? Alikuwa anakuita hivyo?"

Wifi yangu alinigeukia. Mimi nilikuwa natazama muhuri, upo pale kando ya wino, nikisubiri tu ajibu tuondoke. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa ananiita Punje."

Karani akagonga muhuri.